Walipokataa Majani Newtown

Niliondoka Tanga kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe ni "endelevu". Mimi ni ofisa mipango miji. Kazi yangu ni kuchora mitaa kabla watu hawajajenga au, kama ilivyo mara nyingi zaidi, baada ya watu kwisha kujenga. Miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili hakuna waraka uliopita mezani kwetu bila neno hilo: makazi endelevu, usafiri endelevu, usimamizi endelevu wa taka. Mhudumu wetu akileta chai ya pili alitangaza kwamba hiyo sasa ni chai endelevu. Tulicheka sote, ila mimi nilicheka huku nikikumbuka siku mama yangu aliponiuliza maana yake. Nilizungukazunguka weee, mwisho nikamwambia ni kitu kizuri kinachodumu. Akaniuliza kama ni plastiki.

Basi mkuu wa idara aliposema ipo nafasi moja ya mafunzo mafupi Birmingham, Uingereza, kuhusu jinsi miji ya Ulaya inavyojipanga ikue bila kula akiba ya wajukuu, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Wenzangu walidhani nimetamani ndege. Ndege nilitamani pia, sitaki kuwa mnafiki. Lakini hasa nilitaka kwenda kuliona neno hilo lilikozaliwa, nilione likitembea barabarani kwa miguu yake.

Siku ya kuondoka mama alinikabidhi doti mbili za kanga na kikopo cha udi, vyote vya Zuhura. Zuhura ni binti wa mama mkubwa. Alizaliwa na kukulia Unguja, akaolewa na mfanyabiashara, na sasa ni miaka mingi anaishi Birmingham, katika mtaa uitwao Newtown. Mama aliniasa jambo moja tu, kwamba nisibishane naye nyumbani kwake, kwa sababu Zuhura ana mdomo na mimi pia ninao.

Uwanja wa ndege wa Birmingham ulinipokea na baridi iliyonishangaza, maana niliambiwa ni majira ya kuchipua na mimi nikadhani kuchipua kunahitaji joto. Zuhura alikuwa ananingoja kwenye kizuizi cha wapokea wageni, kajitanda mtandio juu ya koti kubwa. Alinikumbatia, akanitazama juu mpaka chini, kisha kabla hata hatujafika kwenye basi alikuwa ameshanisahihisha. Nilisema nimechoka "kinoma". Akasema hilo si neno. Sisi watu wa Tanga tunajiona tunakijua Kiswahili, hatuna wasiwasi nacho, lakini kwa Zuhura Kiswahili kinaanzia Mji Mkongwe na hakivuki bahari kikasalimika.

"Nyie Tanga mnajitahidi," alinifariji.

Kazi yake ilikuwa ukalimani. Hospitali zikimpata mgonjwa anayezungumza Kiswahili, au ofisi ikiwa na mkutano na wapangaji, alipigiwa simu yeye. Alijivunia kazi hiyo na alikuwa na haki ya kujivunia, kwani alikuja nchi ile hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Mumewe alikuwa safarini Dubai kwa biashara zake, kwa hiyo nyumbani tulikuwa sisi wawili na binti yake Salma, ambaye nilimsemesha Kiswahili siku zote na siku zote akanijibu kwa Kiingereza, kwa heshima kabisa, bila kukosa hata swali moja.

Newtown iko kaskazini mwa katikati ya jiji, unaweza kutembea kwa miguu. Ni mtaa wa nyumba za kupanga za umma, maghorofa marefu yaliyosimama mbalimbali na nyasi katikati yake. Zuhura aliishi juu huko, na asubuhi ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la jikoni, maana mtu wa mipango miji ukimpa dirisha la juu humpati tena. Niliona barabara, paa za viwanda vya zamani, na mbali kidogo mnara wa kanisa. Halafu nikatazama chini, nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Mguuni mwa ghorofa, kati ya ukuta na maegesho ya magari, kulikuwa na kipande cha ardhi nyeusi kilicholimwa matuta yaliyonyooka vizuri. Wanawake watatu walikuwa wameinama juu yake.

Nikamuuliza Zuhura ni akina nani. Akasema ni Wakongo, wa upande wa mashariki, walikuja kwa ukimbizi. Walikuta pale vichaka na magodoro mabovu yaliyotupwa, wakafyeka, wakalima. Alisema wanapanda vijimboga vyao. Nikauliza kama wanazungumza Kiswahili.

"Wanazungumza kitu," alisema. "Mie nawafahamu kwa tabu. Wanasema batoto, bintu, na pahala ati fasi. Basi tena, ndo nawatafsiria hao hao."

Edgbaston, kulikokuwa na darasa letu, ni upande mwingine kabisa wa jiji, na nilikwenda kila siku kwa mabasi mawili. Katika safari moja ya basi unaweza kuona nyumba zikijitenga, bustani zikikua na sauti zikipungua. Miti ya Edgbaston ni mikubwa na ina nafasi yake. Hakuna aliyeiuliza inafanya nini pale. Nilijiuliza, nikiwa nimeshikilia mkoba wangu, kwa nini mti wa tajiri huitwa mandhari na tuta la maskini huitwa tatizo, lakini nilikuwa mgeni bado, nikashuka kituoni kwangu.

Darasani tulikuwa watu wa nchi nyingi. Mwalimu wetu alikuwa bibi mmoja mwembamba aliyekuja kazini kwa baiskeli na kuingia nayo mpaka mlangoni. Alituonyesha picha za miji ya Ujerumani ambako mitaa mizima haina magari, na ya Denmaki ambako baiskeli zina taa zake barabarani. Nilipenda kila kitu. Niliuliza maswali mpaka jirani yangu akaanza kuhema. Maji ya mvua huenda wapi? Nani anamiliki kivuli? Mtu mzima asiyejua baiskeli anafikaje sokoni? Mwalimu alijibu mengine na mengine akayaandika ubaoni, akasema tutayarudia, na kweli aliyarudia. Kila baada ya sentensi chache likajitokeza neno "kijani": paa za kijani, njia za kijani, maeneo ya kijani. Nilianza kuelewa kwamba kijani ndiye ndugu mkubwa wa endelevu, hutumwa mbele kubisha hodi.

Katikati ya jiji tulitembezwa kwa miguu, na hapo ndipo nilipoona jambo lililonigusa zaidi ya picha zote. Zamani, walitueleza, watu wa mipango miji walilizungushia katikati ya jiji barabara kubwa ya magari, wakawapitisha watu chini ya ardhi kwenye mahandaki. Ilionekana ni maendeleo. Sasa walikuwa wanaivunja sehemu iliyoinuliwa, wanaishusha, wanawarudisha watu juu kwenye hewa na mwanga. Nilisimama nikitazama zege linavyotafunwa na mashine, nikaingiwa na hofu ya kweli. Watu waliochora barabara ile hawakuwa wajinga. Walikuwa maofisa kama mimi, na kalamu nzuri, na maneno ya siku zile ambayo bila shaka nayo yalikuwa mazuri. Nilitembea kando ya mfereji jioni ile, bata wakiogelea mbele ya mikahawa mipya, na nikawaza ni kipi katika michoro yangu ya Tanga ambacho mtu atakuja kukivunja akinilaani.

Kingstanding tulikwenda siku ya ziara. Ni kaskazini zaidi, mtaa mkubwa wa nyumba za umma zilizojengwa kati ya vita viwili vikuu, nyumba za matofali zilizoshikana mbilimbili, kila moja na bustani nyuma. Huko walikuwa wanazivisha kuta kitu cha kuzuia baridi ili watu wachome gesi kidogo. Mama mmoja mzee alitukaribisha chai jikoni kwake. Alikuwa ameridhika na joto, alilisifia, akatushikisha ukuta. Nikamuuliza kama walimshauri kabla ya kuanza. Akasema walimshauri sana, walikuja mara nyingi, wakamuuliza anapenda rangi gani. Hakuna aliyemuuliza kama dirisha la nyuma bado linafunguka, na halikufunguka tena. Alisema hivyo bila kinyongo huku akiniongezea biskuti, na mimi nikaandika neno "dirisha" kwenye kiganja changu kwa sababu sikuwa na karatasi.

Niliporudi Newtown jioni hiyo Zuhura alikuwa akipiga pasi vazi lake la kazi. Shirika lililokuwa likisimamia maghorofa yale, na ambalo sitalitaja, lilikuwa linataka kuyakarabati yote pamoja na ardhi iliyoyazunguka, na lilikuwa limeitisha kikao cha wapangaji.

"Meeting ni kesho, mie ndo nina-interpret," aliniambia. "Njoo, mdogo wangu, uone wenzenu wanavyofanya kazi. Si ndo fani yako?"

Ukumbi wa mtaa ulikuwa mdogo na ulinukia kahawa. Msemaji wa shirika alikuwa mwanamke kijana aitwaye Helen, mwenye mchoro mkubwa uliobandikwa ukutani, na nitasema haki: alikuwa mwema. Alizungumza polepole, alingoja tafsiri, alitazama watu machoni. Wanawake wa Kongo walikaa safu ya mbele. Aliyewaongoza aliitwa Mama Furaha, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, ambaye Zuhura alikuwa amenionyesha dirishani.

Mambo ya lifti na madirisha yalipita vizuri. Kisha Helen akaweka kidole kwenye kile kipande cha ardhi kando ya ukuta. Hakujua kuna matuta. Mchoro wake ulipigwa kabla ya kulimwa, na yeye mwenyewe alikuwa amefika mara zote kwa mlango wa upande wa pili. Alieleza kwamba shirika lina mawazo mawili. Kipande kile kinaweza kuwa eneo la kijani, watu wapande na kukuza wanachotaka, au kinaweza kuongezwa kwenye maegesho ya magari. Akauliza, je, wakazi wanataka eneo la kijani?

Zuhura akafupisha, akatafsiri swali lenyewe tu: je, mnataka eneo la kijani? Wanawake wakatazamana. Mama Furaha akauliza kijani ni nini. Zuhura, mtu ambaye neno hilo amelijua tangu shule ya vidudu, alishusha pumzi kidogo. Akataka kuwarahisishia.

"Sehemu ya majani," alisema. "Majani tu, mabichi. Mnataka pale pawe pa majani?"

Wakainamiana, wakasemezana, wakatikisa vichwa wote kwa pamoja. Hapana. Helen alishangaa, akaomba aulize tena. Zuhura akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama watu wafanyavyo. Hapana, wakasema, na safari hii Mama Furaha aliweka mkono kifuani kuonyesha anasema kwa niaba ya wote. Helen akaandika. Alisema ataleta mchoro mpya wiki itakayofuata, wenye maegesho, ili waupitishe, na kwamba kazi ya kuchimba itaanza mapema. Zuhura akawaambia kina mama kwamba mchoro mpya utakuja, basi.

Mimi niliyatazama hayo yote kwa macho yangu na sikuona kosa. Nilishangaa tu. Ngazini Zuhura aliniambia, "Umeona? Watu hawa wanalima, halafu wanataka parking. Na gari hawana." Nikasema labda wamechoka kulima. Niliwaza hata kuliweka katika ripoti yangu, kwamba wakimbizi huthamini maegesho.

Jumapili, baada ya kutoka kanisani, Mama Furaha alituma mtu kuniita. Alikuwa amesikia nimetoka Tanzania, na yeye alikaa miaka kadhaa kambini upande wa Kigoma kabla ya kupata njia ya kuja huku, kwa hiyo aliniita mtu wa kwao. Kwake kulikuwa chini, ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama matuta yenyewe. Aliniandalia ugali mweupe, ambao yeye huuita bugali, samaki mkavu, na bakuli la mboga laini ya kijani kibichi iliyopikwa kwa karanga. Nilipoonja nikafumba macho. Ilikuwa mchicha, mchicha kabisa, na ghafla nilimkumbuka mama yangu.

Nikamwambia kwetu tunaita mchicha. Akacheka, akasema jina lake ni lengalenga, mchicha hajui. Mbegu alipata kwa Mkongo mwenzake wa mji mwingine. Kila mtu alimwambia haitaota kwenye baridi, ikaota. Anawagawia majirani, hata Wabangladeshi wa ghorofa ya juu hushuka kuomba. Aliponieleza hivyo alikuwa ananionyesha dirishani wapi atapanda wiki inayokuja na wapi atapumzisha ardhi, na mimi kijiko kikanisimama mkononi.

Nikamuuliza, kwa uangalifu, itakuwaje na magari.

"Magari gani?" akasema.

Nikamwambia magari ya shirika, maegesho, kwa kuwa wao walikataa eneo la kijani. Alinikazia macho kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

"Siye tulikatala majani, mama," alisema. "Batu banatuuliza kama tunataka majani. Majani njo tuling'oa ile fasi yote! Fasi ya majani iko fasi ya nyoka, fasi ya batu bavivu. Nani anaweza kutaka majani?"

Nikaweka kijiko chini. Kwetu Pwani majani ni neno pana, limebeba nyasi na chai na mboga za majani pia, ukisema majani mabichi mtu anaona mboga za sokoni asubuhi. Kwa Mama Furaha majani ni magugu. Ni kile kinachorudi ukilegea, kile alichokuta pale na magodoro mabovu. Aliulizwa mbele ya watu kama anataka shamba lake lirudi pori, akajibu kwa heshima kwamba hapana, asante. Na kwa jibu hilo walikuwa wanakwenda kulimwagia lami.

Nilimweleza. Nilieleza mara mbili, kwa maneno niliyoyachagua moja moja. Alipoelewa hakupiga kelele. Alikaa kwenye kochi, akakunja kitenge magotini, akasema kwa sauti ileile ya chini kwamba shamba hilo ndilo kitu cha kwanza katika nchi hii alichokianza mwenyewe, vingine vyote alipewa. Nilimwonea huruma na nilijionea aibu kwa niaba ya fani yetu yote.

Juu kwa Zuhura nilipanda ngazi bila kungoja lifti. Nilimkuta anakatakata vitunguu. Nilikumbuka nasaha za mama, nikajitahidi nisiwe na mdomo. Nikamwambia yaliyotokea. Alisikiliza bila kuacha kisu, kisha akasema yeye alitafsiri sawasawa. Kijani ni rangi ya majani, kamusi inasema hivyo, na kama watu hawajui Kiswahili chao wenyewe yeye afanyeje? Nikasema Kiswahili chao wanakijua, ila si hiki chetu. Akasema hakuna chetu na chao. Nikasema kipo, nimetoka kukila sasa hivi.

Akaweka kisu chini. Halafu likatoka lililokuwa ndani. Akisimama mbele ya Helen na kusema alikosea, nani atamwita tena? Hospitali zitasikia, ofisi zitasikia. Alikuja nchi hii akafagia sakafu za watu, na ukalimani ndio ulimtoa kwenye ufagio. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya vitunguu. Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mtu mwenye kiburi, na mbele yangu alikuwapo mtu mwenye hofu, kwa hiyo nilichukua kisu nikamalizia vitunguu mimi. Hatukulizungumza tena siku ile. Nilijiambia kwamba asiposema yeye, nitasimama mimi niseme kwa Kiingereza changu cha darasani, na wazo hilo lilinikosesha amani, maana ningekuwa namfedhehesha dada yangu niliyekula kwake.

Asubuhi ya kikao cha pili niliamka nikamkosa. Nilikwenda dirishani. Chini kule, katikati ya matuta, alikuwa amesimama Zuhura kavaa viatu vyake vizuri vya kazi, vimezama kwenye udongo, na Mama Furaha mbele yake. Zuhura alikuwa anaonyesha kitu kwa kidole, Mama Furaha anajibu, Zuhura anarudia midomo ikijikunja, Mama Furaha anacheka. Kisha Zuhura anaonyesha kingine. Sikusikia neno hata moja, ila nilijua kinachoendelea. Alikuwa anasahihishwa.

Ukumbini Helen alikuwa amebandika mchoro mpya, mistari myeupe ya magari imepangwa pale penye shamba. Kabla hajaanza, Zuhura aliomba ruhusa kusema kwa niaba yake mwenyewe. Alisema kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie, kwamba katika kikao kilichopita alitumia neno ambalo kwake lina maana moja na kwa hawa mama lina nyingine, na hakuwauliza. Alisema anaomba swali liulizwe upya. Helen alifungua mdomo ajibu. Zuhura akamwomba kwanza atoke nje na watu wote, wazunguke upande wa pili wa jengo.

Tulitoka sote, na Helen akaliona shamba kwa mara ya kwanza. Lengalenga ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Alichuchumaa, akagusa jani, akauliza ni nini. Zuhura akawageukia kina mama. "Bana-uliza," alianza, akajikwaa, akaanza tena. "Banauliza kama munataka kubaki na hii fasi ya kulima. Bila majani. Mboga yenu tu." Kilikuwa Kiswahili cha Kongo kinywani mwa mtu wa Unguja, kibovu kabisa, na sijawahi kusikia Kiswahili kizuri kuliko hicho. Kina mama wakajibu kwa pamoja kabla hajafunga mdomo.

Helen alirudi ndani, akachukua kalamu nyekundu, akaikata mistari ya magari mbele yetu. Alisema bado lazima apeleke kwa wakubwa wake, hawezi kuahidi, lakini mchoro utakaokwenda ni huu. Kisha akataka aandike jina la sehemu hiyo kwa lugha ya wakazi, ili wakubwa waone imetoka kwao. Akamuuliza Zuhura: eneo la kijani linaitwaje kwa Kiswahili sahihi?

Nilimwona dada yangu akifikiri. Jibu sahihi alikuwa nalo mdomoni tangu utoto. Akamtazama Mama Furaha, akamtazama Helen.

"Lengalenga," alisema.

Helen aliandika, akaomba amtajie herufi moja moja.

Tanga nilirudi na mkoba mzito wa vitabu na ripoti ambayo mkuu wa idara aliiona fupi. Kuhusu baiskeli na maji ya mvua na barabara zinazobomolewa niliandika yote niliyoona, na nayaamini. Lakini endelevu, kama nilivyokuja kulielewa, halikuzaliwa Ulaya wala kwenye waraka wowote. Linaanza pale ofisa anapomuuliza mtu swali na kisha kumuuliza tena: nilichosema, wewe umesikia nini? Katika kikao chetu cha kwanza cha mtaa mpya baada ya safari nilisema eneo la kijani, nikajizuia, nikamuuliza bibi mmoja aliyekaa mbele anaona nini akisikia hivyo. Akasema anaona pahala pa kufungia mbuzi. Tukaanza upya kutoka hapo, na kikao kilichelewa sana kwisha.

Zuhura alinipigia simu miezi kadhaa baadaye. Kazi hawakumnyima. Kinyume chake, sasa wanamwita kabla ya mikutano, akawasikilize watu kwanza. Shamba lipo, limewekewa uzio mfupi na bomba la maji, na juu ya lango kuna kibao chenye lile jina. Kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa amelihifadhi mwisho. Helen amehamishiwa mitaa mingine, na kila anakokwenda, kwenye vikao vya Waingereza watupu, anasimama mbele ya mchoro na kuwaambia kwamba ghorofa bila lengalenga yake halijakamilika, na wazee wa Kingstanding wameandika kuomba lengalenga moja nyuma ya maktaba yao.

Nikamuuliza kama amewasahihisha.

"Niwasahihishe nini?" alisema. "Sasa ni Kiingereza chao, mdogo wangu. Mie simo."